Kitufe cha A Kilipokufa Busia

Kabla hatujafika mbali, chukua kalamu uandike sentensi hii: "Watu wa Malaba wanataka barabara." Ihesabu. Ina herufi 28, na 13 kati ya hizo ni A. Sasa ziondoe A zote usome kilichosalia: "Wtu w Mlb wntk brbr."

Hivyo ndivyo ulivyosomeka ujumbe ulionifikia Alhamisi moja jioni, nikiwa katika chumba cha habari nikipambana na makala iliyochelewa. "Shngzi, kibodi imekuf. Nisidie." Mwandishi alikuwa binti wa kaka yangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo kikuu, anayeishi katika chumba cha kupanga mjini Busia. Mwanzoni nilidhani ni ule mtindo wa vijana wa kukata maneno vipande vipande. Nikampigia simu nimkemee kidogo. Kumbe mtoto wa watu alikuwa karibu kulia.

Kisa chenyewe ni hiki. Msichana huyu hulipia chumba chake kwa kupiga chapa. Watu humletea barua za kuomba kazi, katiba za vyama vya akina mama, kadi za arusi na risala za mazishi. Kipakatalishi chake ni mtumba kutoka Ulaya, cha aina zile zinazouzwa madukani baada ya ofisi za huko kuchoka nazo. Kilikuja na Windows 10, na Microsoft ilipoacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025, mashine hiyo ilikuwa kuukuu mno kupokea Windows 11. Fundi mmoja wa mjini akamwekea Linux Mint, mfumo wa programu huria usiodai leseni wala mashine mpya. Mambo yakaenda vizuri kwa miezi kadhaa, mpaka kitufe cha A kikanyamaza. Hakumwaga chai. Kilichoka tu, na ukitazama sentensi ile ya Malaba utaelewa kwa nini katika mashine ya mpiga chapa wa Kiswahili hicho ndicho kiwe cha kwanza kuchoka.

Kibodi ya kubadilisha, fundi akasema, ingesubiriwa kutoka Nairobi, na bei yake ilikuwa karibu kodi ya mwezi mmoja. Wakati huohuo kulikuwa na familia iliyotaka risala ya mazishi kurasa nne, marehemu azikwe Jumamosi. Msichana alikuwa ameanza kuiandika kwa kunakili A moja kutoka barua ya zamani, kisha kuibandika kwa vitufe viwili kila ilipohitajika. Hebu jaribu hivyo kwa neno "barabara" pekee.

Nilikuwa nimepanga kwenda Malaba kwa kaka yangu mwishoni mwa wiki hiyo. Nikabadili njia, nikapitia Kisumu, na Ijumaa alasiri nilikuwa Busia.

Yeyote aliyewahi kushuka katika mji huo anajua unavyokupokea. Trela zimejipanga, wabadilishaji fedha wana mabunda mkononi, na bodaboda inakuuliza unavuka au huvuki. Inasemekana jina hilo lenyewe lilizaliwa papa hapa, kwa wale vijana wa baiskeli waliokuwa wakiwavusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Nilimkuta binti amekaa mbele ya mashine, macho mekundu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekwama wapi?"

"Mwaka wa 1987," akasema, kwa maana marehemu alistaafu mwaka huo na risala ilikuwa imefika hapo.

Sasa, ili uelewe tulivyochagua programu, ni lazima kwanza uelewe jambo moja ambalo wengi wetu hatulifikirii. Tunaamini kwamba herufi A imo ndani ya kitufe cha A, kama chumvi ndani ya kidau. Haimo. Kitufe hakijui kusoma. Ukikibonyeza, kibodi hutuma ishara, na kiini cha Linux huipa namba. Kitufe cha A ni 30. Caps Lock, kile kitufe cha herufi kubwa kilicho jirani yake mkono wa kushoto, ni 58. Kisha namba hiyo hukabidhiwa mfumo unaochora madirisha kwenye kioo, ambao kwa mazoea ya zamani huiongezea 8, ikawa 38 au 66. Ni hapo tu, kwa kutazama orodha ya lugha uliyochagua, ndipo 38 inapopewa jina la A. Lau ungalichagua orodha ya Kifaransa, 38 ile ile ingaliitwa Q.

Mtu wa Malaba ataelewa upesi. Trela hutoka Mombasa na kontena lenye namba. Namba ndiyo inayosafiri; mzigo utaitwaje na utatozwa nini huamuliwa na afisa aliyeketi mezani. Kwa hiyo kama unataka namba ya Caps Lock ihesabiwe kuwa A, huhitaji kugusa kitufe chochote. Unahitaji kumweka afisa wako njiani. Swali ni umweke wapi.

Fundi aliyemsaidia binti alikuwa amemweka mahali pa zamani. Alimwandikia amri ya programu iitwayo xmodmap, kongwe sana, inayofanya kazi ndani ya mfumo wa madirisha uitwao X11. X11 ni wa mwaka 1987, mwaka ule ule aliostaafu marehemu wetu, na Linux Mint ya kawaida bado inautumia. Amri ilisema kwamba 66 sasa iwe A. Ikakubali. Lakini fundi alisahau kuiondolea Caps Lock kazi yake ya kwanza, kwa hiyo kila A ilikuja na fujo yake: ya kwanza iliwasha herufi kubwa, ya pili ikazizima, ya tatu ikaziwasha tena. Risala ya mazishi ikawa kama bango la disko. Na hata walipolirekebisha hilo, mashine ilipozimwa na kuwashwa amri ilikuwa imesahauliwa. Hiyo ndiyo tabia ya xmodmap. Usipoipangia kuanza kila unapoingia, hupotea. Na mara nyingine hata kubadili lugha ya kibodi kunatosha kuifuta.

Kuna kasoro kubwa zaidi, nayo ni ya zama hizi. Mifumo mingi ya Linux inahama kutoka X11 kwenda Wayland, mradi ulioanza mwaka 2008. Ubuntu imekuwa ikiutumia Wayland kama mfumo wake wa kawaida tangu mwaka 2021, na toleo lake la Oktoba 2025 halina tena chaguo la kuingia kupitia X11 katika eneo-kazi lake la kawaida. Humo xmodmap haina mamlaka. Unakumbuka ilivyokuwa mpakani kabla ya vituo vya pamoja? Dereva alisimama upande wa Kenya, akagongewa muhuri, akavuka, akasimama tena. Siku hizi aendaye Uganda husimama upande wa Uganda tu, na ajaye Kenya husimama upande wa Kenya. Kituo cha namna hiyo cha Busia kilifunguliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni mwezi Februari 2018. Kibanda kilichobaki upande ambao magari hayasimami kinaweza kuwa na muhuri mzuri ajabu, lakini hakuna gari la kugongewa. Kwa hiyo ukikuta maelezo ya kibodi yanayoanza na xmodmap, tazama kwanza mashine yako inatumia nini kabla ya kupoteza jioni nzima.

Programu za sasa humweka afisa mapema zaidi, pale kwenye kiini chenyewe, kabla namba haijafika kwa X11 wala Wayland. Huipokea namba ya kitufe halisi, huificha, kisha hutengeneza kibodi ya kuwaziwa inayotuma namba nyingine. Mfumo wa madirisha haujui kilichotendeka. Unaona 30 imekuja, unaandika A. Na kwa kuwa ni 30 kweli, ukishikilia Shift unapata A kubwa, na ukishikilia Ctrl unachagua maandishi yote, kama kawaida.

Ya kwanza tuliyoichukua ilikuwa input-remapper. Naipendekeza kwa yeyote anayeogopa kuandika amri, nayo imo katika maghala ya Debian, Ubuntu na Mint. Ina dirisha lake. Unachagua kibodi katika orodha, unabonyeza kitufe unachotaka kukibadilisha, unaandika kiwe nini, basi. Tulihitaji A moja tu ya kuandika, na hiyo tuliibofya kwa panya katika kibodi ya kwenye kioo. Dakika chache baadaye binti alikuwa anaandika kwa Caps Lock. Mwanzoni alikosea, kidole kikirudi kwenye kaburi la A kwa mazoea. Kufikia saa mbili usiku marehemu alikuwa amestaafu, amejenga, amewasomesha watoto na amelazwa pema. Mwenye risala alikuja na pikipiki kuichukua.

Labda utauliza kwa nini Caps Lock na si Q, ambayo iko juu tu ya A na Kiswahili sanifu hakiihitaji. Binti mwenyewe ndiye aliyependekeza Q, na hoja yake haikuwa mbaya. Mpangilio huu wa herufi ulitokana na mashine ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874, na Sholes hakuwa akimfikiria mtu wa Busia. Q na X wamekaa katika viti vyao bila kutufanyia kazi. Hata hivyo, binti huandika Kiingereza pia, na isitoshe Ctrl na Q kwa pamoja hufunga programu nyingi. Ukizoea kuchagua maandishi yote kwa Ctrl na A mpya, siku ukiketi mbele ya mashine nyingine mkono ukakumbuka vibaya, kazi imefungwa. Caps Lock je, mara ya mwisho uliihitaji lini?

Tulilala tukiwa na furaha. Asubuhi akawasha mashine, na hapo ndipo nilipojua kwamba kazi yangu haikuwa imekwisha. Nenosiri lake lilikuwa na A mbili. Mpangilio wa input-remapper kwa kawaida huanza kazi ukishaingia katika akaunti yako, na yeye alikuwa bado mlangoni. Kwa siku zote hizo, kumbe, alikuwa akiingia kwa kubofya herufi moja moja kwa panya kwenye kioo, huku wateja wakisimama nyuma yake wakitazama nenosiri lake waziwazi. Hakuliona hilo kuwa jambo la kuniambia.

Hapo ndipo tulipohamia keyd. Hii haina dirisha. Ni huduma inayoanza na mashine yenyewe, kabla ya ukurasa wa kuingilia, na mipango yake yote hukaa katika faili moja ya maandishi. Mstari tuliouhitaji ulikuwa mmoja, chini ya kichwa kiitwacho main: capslock = a.  Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, inayo ghalani. Mint ya binti haikuwa nayo, ikabidi tuichukue kwa waandishi wake na kuijenga wenyewe. Amri ya kuijenga ni make, neno lenye A, na tulicheka sote tukiitafuta tena kwa panya. Lakini tangu asubuhi hiyo anaandika nenosiri lake kwa vidole, na wateja hawaoni kitu ila nyota.

Naomba hapa niseme wazi, kwa sababu najua kuna msomaji ambaye mashine yake yote imefungwa kwa siri tangu diski. Siri ile inayoulizwa mapema kabisa, kabla Linux haijaamka sawasawa, keyd haiifikii. Kwa hiyo ama uchague siri isiyo na kitufe kilichokufa, ama uwe na kibodi ya pembeni ya kuchomeka.

Na kuhusu kibodi ya pembeni: binti anayo moja sasa, ameazimwa na jirani, na humo A ni nzima. Tungeacha mpango wetu ulivyo, Caps Lock ya kibodi hiyo nayo ingekuwa A bila sababu. Keyd hukuruhusu kutaja kibodi gani inahusika. Kila kibodi ina nambari yake ya utambulisho, nayo huonekana ukiendesha amri ya keyd monitor na kubonyeza kitufe chochote. Ukiweka nyota, unamaanisha kibodi zote. Ukiweka nambari, unamaanisha hiyo moja. Input-remapper vilevile hupanga kila kifaa kivyake. Katika nyumba ambamo baba, mama na watoto wanatumia mashine moja, hili si jambo dogo. Mama akiketi kuandika hesabu za chama na kukuta vitufe vimehama bila kuambiwa, atadhani mashine imerogwa, na wewe ndiwe utakayetafutwa.

Jumamosi mchana nikapanda matatu kwenda Malaba, njia ile inayopita Alupe. Kaka yangu amefanya kazi na mawakala wa forodha kwa miaka mingi. Kwake shida si herufi iliyokufa, shida ni tarakimu. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na ile ya saba imewekwa kwa hesabu maalumu ili kufichua kosa katika zilizotangulia. Kisha kuna namba za magari, za lakiri, za uzito, za thamani. Kutwa nzima anaandika tarakimu katika kipakatalishi kidogo kisicho na vile vitufe vya namba vya pembeni, mkono ukipanda na kushuka kwenye safu ya juu. Kifundo kinamuuma. Na tarakimu moja ikikosewa karatasi hurudi, nalo trela hubaki pale lilipo. Mwaka 2020, wakati madereva walipokuwa wakisubiri majibu ya vipimo vya korona, foleni ya Malaba ilirefuka kwa makumi ya kilomita. Watu wa huko hawapendi kabisa neno kungoja.

Mimi, kwa kiburi cha ushindi wa Busia, nikamwambia, "Kaka, leta mashine."

Nilichotaka kumfanyia kinaitwa tabaka. Unashikilia kitufe kimoja, tuseme Caps Lock, na kwa muda unaokishikilia vitufe vingine hubadilika kazi. Chini ya mkono wa kulia, U, I na O zinakuwa 4, 5 na 6. J, K na L zinakuwa 1, 2 na 3. M inakuwa 0. Na 7, 8 na 9 ziko tayari juu yao. Ukikiachilia, herufi hurudi. Vipakatalishi vingi vya zamani vilikuwa na mpango huo huo umechorwa kwa rangi pembeni mwa herufi.

Nikaandika mistari yangu katika faili ya keyd, nikaisoma mara moja, nikaiamuru ianze. Nilichosahau ni kichwa cha tabaka. Mistari yote ya tarakimu ilikuwa imeingia chini ya main, maana yake si "ukishikilia" bali "siku zote". Nilipotaka kurekebisha na kuandika sudo, kioo kikaandika s4d6. Nikajaribu tena. s4d6. Kaka akanitazama. Dereva mmoja aliyekuwa amekuja kuulizia karatasi zake akaegemea mlango, akanitazama pia.

Msomaji, kama utasahau yote mengine, hili likumbuke kabla hujaweka programu yoyote ya namna hii: jifunze kwanza jinsi ya kutoka. Keyd ina njia yake ya dharura. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha kufuta kurudi nyuma, Esc na Enter, nayo hujizima mara moja, kibodi ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. Kanata, ambayo nitaitaja sasa hivi, hutoka kwa Ctrl ya kushoto, nafasi na Esc. Nilikuwa nimeiandika njia ya keyd kwenye karatasi kule Busia, na karatasi ilikuwa mfukoni. Dereva akapata karatasi zake, na kaka akapata tarakimu zake kabla ya jioni.

Kanata nilimweleza tu, sikumwekea. Ni ndugu mdogo wa KMonad, iliyotangulia kwa fikra zilezile, nayo ni hodari sana kwa matabaka: kitufe kimoja kinaweza kuwa kitu kimoja ukikigusa na kingine ukikishikilia, na muda wa kushikilia unaupima mwenyewe. Sifa yake kubwa kwa ofisi kama ya kaka ni kwamba hufanya kazi katika Linux, Windows na Mac, kwa hiyo faili uliyohangaika kuiandika kwa mashine moja haikupotei ukihamia nyingine. Ila lugha ya faili yake imejaa mabano, na kwa mtu anayetaka tu A yake irudi, huko ni kuchimba kisima kwa kikombe kimoja cha maji. Kuna pia xremap, inayofaa anayetaka kitufe kifanye hivi katika programu moja na vile katika nyingine. Chini ya Wayland hiyo hutaka uchague aina inayolingana na eneo-kazi lako, basi isome vizuri kabla ya kuiweka.

Kisha kuna wale ambao hawahitaji lolote kati ya haya. Mpakani hapa hupita mizigo na watu wa Rwanda, Burundi na Kongo, na si ajabu kukutana na kipakatalishi chenye mpangilio wa Kifaransa, ambamo Q iko mahali pa A yetu, na tarakimu za juu huhitaji Shift. Mwenye nacho akikiuza, mnunuzi hudhani kibodi ni mbovu. Si mbovu. Nenda kwenye mipangilio ya kibodi uchague orodha ya lugha nyingine. Linux ina hata ya Kiswahili cha Kenya, ya Kiswahili cha Tanzania na ya Kikuyu. Yaliyochorwa juu ya vitufe hayatalingana na yanayotokea, lakini vidole vilivyozoea havitazami. Na anayeandika Luganda na kutaka ile N yenye mkia, ŋ, anatosheka na kitufe cha Compose, ambacho hupatikana katika mipangilio hiyo hiyo. Bonyeza Compose, kisha n, kisha g. Kwa ĩ ya Kikuyu ni Compose, kiwimbi, kisha i. Hata Caps Lock kuifanya Esc au Ctrl kumo humo, bila kuongeza programu.

Tahadhari moja niliyomwachia kaka, na naiacha kwako pia. Programu inayosimama mahali hapa huona kila unachokibonyeza, pamoja na nenosiri la benki, na nyingi huendeshwa kwa mamlaka ya juu kabisa ya mashine. Ichukue kwenye ghala la mfumo wako au kwa waandishi wake wenyewe. Usiipokee katika kijiti cha fundi asiyeweza kukuambia ilikotoka.

Na kama vitufe vinakufa kimoja baada ya kingine, hasa baada ya maji kuingia, acha kuhamisha. Nunua kibodi ya kuchomeka. Caps Lock ni moja tu. Hata hivyo, ikiwa kitufe chako hakijafa bali kimeng'ang'ania na kujiandika chenyewe, aaaaaa mpaka mwisho wa ukurasa, keyd inaweza kukinyamazisha kwa mstari mmoja: a = noop.

Jumapili nilipitia Busia tena nikirudi Nairobi. Binti alikuwa na wateja wawili wamekaa kitandani, na cha tatu kilikuwa katiba ya chama cha wauza samaki. Alikuwa amechora A juu ya Caps Lock kwa rangi ya kucha, nyekundu. Kile kitufe kingine alikuwa amekifunika kwa kipande cha plasta.